Kwa nini aliyedhulumiwa ndo anahubiriwa upendo? Tuongee haki na upendo kanisani kwetu

Mwalimu_Osukuru

Wapendwa salamu. Hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo naliandika lote, litakuwa refu mnivumilie.

Swali langu ni moja tu. Kwa nini makanisani kwetu huku, na nasema yote, Katoliki, Anglikana, walokole, mtu akidhulumiwa yeye ndo anahubiriwa upendo, af yule aliyemdhulumu hahubiriwi kitu?

Chukueni jambo ambalo kila mtu wa Tororo, Busia mpaka Mbale amewahi kuliona. Mume anafariki. Matanga hayajaisha ndugu wa marehemu wameshaanza kupima shamba kwa miguu, mara mpaka umesogezwa, mara mjane anaambiwa wewe ulikuja na begi utaondoka na begi. Mama anakimbilia kanisani. Anapewa kiti, anaombewa vizuri kabisa, alafu anaambiwa mama samehe, upendo huvumilia yote, mwachie Mungu. Na shemeji aliyechukua shamba Jumapili yuko benchi la mbele, analeta sadaka ya mavuno ya shamba hilo hilo na anapigiwa makofi!

Mi ni mwalimu na pia nafundisha katekisimu, hayo maneno "upendo huvumilia yote" nimewafundisha watoto wayakariri. Ni 1 Wakorintho 13 mstari wa 7. Lakini mbona hatusomi mstari wa 6 ulio juu yake? Unasema upendo haufurahii udhalimu bali hufurahi pamoja na kweli. Sura ile ile, pumzi ile ile. Kwa hiyo ukimwambia mama avumilie na wewe kasisi au mchungaji unafurahia sadaka ya udhalimu, umeikata hiyo sura katikati.

Tumwangalie Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, Luka 19. Yesu anaingia nyumbani kwake, anakula naye, hajamuuliza deni wala hajamwambia kwanza ulipe ndo nije. Huo ni upendo, unaenda mbele. Lakini angalieni upendo ukishaingia ndani unafanya nini: Zakayo anasimama anasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na kama nimemnyang'anya mtu kwa hila namrudishia mara nne. Torati ilikuwaje? Hesabu 5 inasema mtu akikiri kosa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kutoka 22 mwizi wa kondoo analipa wanne kwa mmoja, wa ng'ombe watano kwa mmoja. Zakayo amejipangia mwenyewe malipo ya mwizi wa kondoo wakati aliyekiri kwa hiari alitakiwa kuongeza sehemu ya tano tu. Na ni HAPO ndo Yesu anasema leo wokovu umefika nyumba hii. Watu wa Yeriko waliochukuliwa pesa zao walijua wokovu umefika kwa sababu pesa zilirudi mikononi mwao.

Na hatuna sababu ya kusema hatujui haya, sisi watu wa Uganda hasa. Uamsho wa walokole ulipovuka kutoka Gahini kule Rwanda ukaingia Kigezi na kusambaa nchi nzima miaka ya 1930, kitu kilichowashangaza hata watu wasio wa dini ni kwamba watu walikuwa wanarudisha vitu. Mtu anaungama hadharani, kisha anakwenda kwa aliyemwibia na ng'ombe, au na pesa, anarudisha. Wazee wetu waliokoka na mikono pia. Sisi tumebaki na kuungama kwa mdomo na kulia kidogo.

Kuna jambo la Tomaso wa Akwino, mwalimu wa kanisa wa karne ya 13, ambalo mi linanisaidia sana. Anauliza, Mungu akiwa na huruma si anavunja haki? Anajibu hapana, na anaeleza hivi: mtu ambaye anakudai dinari 100, ukimpa 200 kutoka mali yako mwenyewe hujavunja haki yoyote, umekuwa mkarimu. Na vivyo hivyo mtu akisamehe kosa alilotendewa YEYE. Someni vizuri hapo, kutoka mali yako mwenyewe, kosa alilotendewa yeye. Huruma inatoka mfukoni kwa anayehurumia. Sasa kanisa likimwambia mjane asamehe shamba, kanisa halijatoa kitu. Limekuwa karimu kwa mfuko wa mjane. Ukoo nao umekuwa mkarimu kwa mfuko wa mjane. Kila mtu pale ana upendo mwingi na anayelipia wote ni mtu mmoja ambaye hana hata pa kupanda mihogo.

Papa Benedikto XVI mwaka 2009 aliandika kitu cha karibu na hicho, kwamba siwezi kumpa mwenzangu kilicho changu kabla sijampa kilicho chake kwa haki. Haki ndo kipimo cha chini cha upendo, upendo unakwenda mbele zaidi ya hapo lakini hauiruki haki.

Nataka kusikia wengine. Hasa watu wa kaskazini kwa sababu nyinyi mmeyapitia haya kwa damu, sio kwa mashamba peke yake.

Mlokole_Mbale

Bwana asifiwe mwalimu. Umeandika kwa uchungu na mi naheshimu uchungu huo, lakini nina wasiwasi na njia unayotupeleka.

Kwanza, injili sio hesabu ya nani anamdai nani. Tungehesabiwa kwa haki hakuna hata mmoja hapa angebaki. Mathayo 18 yule mtumwa alisamehewa talanta elfu kumi, pesa ambayo asingeilipa hata angefanya kazi maisha kumi, akatoka nje akamkaba mwenzake koo kwa dinari mia. Tukianza kila mmoja kudai dinari zake mia tutakuwa akina nani?

Pili na hii ndo kubwa, umemtaja Paulo lakini Paulo huyo huyo katika 1 Wakorintho 6:7 anawauliza Wakristo waliokuwa wanashitakiana mahakamani, si afadhali kudhulumiwa? Si afadhali kunyang'anywa mali zenu? Hayo ni maneno ya mtume, sio ya mchungaji mvivu wa Tororo. Ukisoma hapo unaona msalaba. Kristo alinyang'anywa hata nguo wakazipigia kura, na hakudai.

Nimewaona watu wameshinda kesi ya shamba na moyo ukafa. Familia hazisalimiani mpaka wajukuu. Mi nikimwambia mama samehe simwonei, namwokoa na sumu.

Mama_Watatu_Malaba

Nafuatilia. Nitaandika baadaye nikifunga duka.

Mwalimu_Osukuru

Ndugu Mlokole asante, umeleta andiko lenyewe ambalo watu wengi hulitaja, basi tulisome lote tusilikate.

Mstari wa 5 Paulo anasema nawatahayarisha, je hakuna kwenu hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu? Yani kitu cha kwanza anachodai ni kwamba kanisa lenyewe LIAMUE. Hajasema nyamazeni. Alafu ndo mstari wa 7 ulioutaja, anamwambia aliyedhulumiwa si afadhali uvumilie. Sawa. Lakini mstari wa 8 anageuka hapo hapo, bila kupumua, anamwambia yule mwingine: bali ninyi wenyewe mwadhulumu na kunyang'anya, naam hata ndugu zenu. Na mstari wa 9 na 10 anasema wadhalimu na wanyang'anyi hawataurithi ufalme wa Mungu. Niambie ndugu yangu, mara ya mwisho umesikia lini mstari wa 10 unahubiriwa kwenye kikao cha shamba, mbele ya shemeji akiwa amekaa pale?

Na kuhusu msalaba, ni kweli Kristo hakudai. Nguo zilikuwa zake, mwili ulikuwa wake, alisamehe kilicho chake. Warumi 3:26 Paulo anasema Mungu alifanya vile ili awe mwenye haki na tena mwenye kumhesabia haki amwaminiye Yesu, yote mawili kwa pamoja. Mungu hakusema dhambi si kitu tusahau. Alichukua gharama akaiweka juu yake. Angetaka kusamehe kwa urahisi msalaba ungekuwa wa nini?

Ona pia Filemoni, barua fupi kuliko zote za Paulo, ukurasa mmoja. Onesimo mtumwa amemkimbia bwana wake na inaonekana kuna hasara. Paulo anamwombea apokelewe kama ndugu mpendwa. Je anamwambia Filemoni sahau hasara, wewe ni mtu wa Mungu? Anasema kama amekudhulumu au unamdai kitu, ukiandike hicho juu yangu, mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Huyo ndo mpatanishi. Wapatanishi wetu wanakula kuku wa kikao alafu wanaandika deni juu ya mjane.

BintiArua

Hapa naomba niingie. Mi ni nesi na sikusoma teolojia ila nimesoma Luka 15 mara nyingi kwa sababu nyumbani kwetu kuna kaka mmoja alifanya kama mwana mpotevu kabisa, aliuza vitu vya baba akaenda Kampala.

Mwalimu unasema huruma itoke mfukoni mwa anayehurumia. Baba wa Luka 15 alikuwa ameshawagawia mali wote wawili, mstari wa 12 unasema akawagawia. Kwa hiyo mdogo amekula yake akamaliza, kilichobaki pale nyumbani ni cha mkubwa, na baba mwenyewe anamwambia vyote nilivyo navyo ni vyako. Sasa yule ndama aliyenona alikuwa wa nani? Mi nikisoma naona yule kaka mkubwa amekasirika kwa haki yake, ameambiwa njoo ufurahi kwenye karamu ambayo amechinjiwa ndama wake bila kuulizwa. Na Yesu hakutuambia kama aliingia ndani au alibaki nje.

Sisemi baba alikosea. Nasema neema inamgusa na mtu wa tatu, kila wakati. Mama yetu alipompokea kaka ni sisi mabinti tulipunguza chakula. Kwa hiyo hiyo kanuni yako ya mfuko ni nzuri lakini nyumba ya watu wanaopendana haina mifuko iliyotengana hivyo.

Mwalimu_Osukuru

Dada hapo umenishika. Sikuwahi kumsoma ndama kwa upande huo na nakubali una hoja kubwa. Nachoweza kusema sasa hivi ni kwamba baba alitoka NJE kumfuata yule mkubwa. Alimsihi, ndo neno lililopo, hakumtumia mtumishi aende amwambie acha wivu wewe. Na alimthibitishia sehemu yake haijaguswa. Kaka yenu aliporudi kuna aliyetoka nje kuwasihi nyinyi mabinti?

BintiArua

Hakuna. Ndo mana bado naandika haya usiku huu.

Mtoto_wa_Layibi

Mwalimu umeita watu wa kaskazini nimekuja. Nilizaliwa Gulu wakati wa vita na nimekulia kambini, nitaandika bila mpangilio.

Watu wa kusini mkituongelea mnapenda kusema Waacholi wana moyo wa kusamehe, wana mato oput, wanakunywa mzizi mchungu yanaisha. Hapana. Kabla ya kunywa kuna mambo. Aliyeua au ukoo wake lazima akiri, aseme ukweli alifanya nini na kwa nini, alafu kuna malipo ya damu, culo kwor, ukoo mzima unachangia, ng'ombe au pesa, na zamani hata malipo hayo yalikusudiwa kusaidia ukoo uliopoteza mtu uoe ili uzae mtu mwingine. Kunywa uchungu pamoja ni mwisho wa safari. Anayeruka mpaka kwenye kikombe hajafanya mato oput, amekunywa maji machungu tu. Kwa hiyo babu zetu ambao hawakusoma Hesabu 5 walijua anachosema mwalimu.

Lakini nataka niseme na upande wa pili kwa sababu sisi tumebeba yote mawili. Vita ya LRA, wale waasi wa Joseph Kony, imekaa kwetu karibu miaka ishirini. Wengi waliotuchinja walikuwa watoto wetu waliotekwa. Unamfanyaje? Askofu mstaafu Ochola wa Kitgum mke wake aliuawa na bomu la ardhini mwaka 1997, na huyo ndo mmoja wa watu waliosimama na kina Askofu Mkuu Odama na viongozi wa Kiislamu kuomba sheria ya msamaha ili watoto warudi kutoka porini. Sheria ikapita mwaka 2000 na zaidi ya watu elfu ishirini kutoka vikundi mbali mbali wameipata. Odama mwaka 2003 alilala nje mjini Gulu na wale watoto waliokuwa wanatembea kila jioni kukimbia kutekwa, yeye na viongozi wenzake, kwa siku kadhaa, askofu mkuu na gunia lake chini. Kwa hiyo Odama akisema msamaha mi nasikiliza. Alikuwa amelipia.

Sasa Dominic Ongwen wa LRA. Alitekwa akiwa mtoto akienda shule. Akakua akawa kamanda. Februari 2021 mahakama ya Hague ikamkuta na hatia ya makosa 61, ya Pajule, Odek, Lukodi na Abok, mauaji, ubakaji, ndoa za nguvu, kuwaingiza watoto jeshini yale yale aliyofanyiwa yeye. Miaka 25. Kijijini kwetu siku ile watu hawakukubaliana, mmoja anasema afungwe maisha, jirani yake anasema ni mtoto wetu arudishwe tumfanyie matambiko. Na wote wawili walikuwa wamezika watu. Mwaka 2024 mahakama ikaamuru fidia ya zaidi ya yuro milioni 52 kwa waathirika karibu elfu hamsini, na kwa sababu Ongwen hana kitu itafutwe na mfuko wa waathirika wa mahakama. Yuro 750 kwa mtu, ya ishara, na miradi ya jamii. Shangazi yangu aliuliza, hiyo ni ya mguu au ya watoto?

Mnielewe sisemi haki haina maana. Shangazi aliposikia hukumu inasomwa redioni jina la mahali pale likitajwa alizima jiko akakaa chini akasikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na mtu mahali fulani amesema ilitokea na ilikuwa kosa. Hilo hakuna mhubiri aliyekuwa amempa.

Mtoto_wa_Layibi

Nimesahau jambo la muhimu kuliko yote, Mama Angelina Atyam wa Lira. Vijana wengi hawamjui. Oktoba 1996 waasi waliingia St Mary's Aboke wakachukua wasichana 139. Sista Rachele, Mwitaliano, akawafuata porini kwa miguu na mwalimu mmoja akarudi na 109. Wakabaki 30, mmoja ni binti wa Angelina. Wazazi wakawa wanakutana kuomba, na siku moja walikuwa wanasali Baba Yetu wakafika "utusamehe makosa yetu kama na sisi tunavyowasamehe" wakashindwa kuendelea, wakanyamaza, wakaondoka. Yeye baadaye akaamua kusamehe, akaenda mpaka kwa mama mzazi wa yule kamanda aliyemshika binti yake akamwambia amewasamehe, yeye na mwanae na ukoo wote.

Sasa sikilizeni alichofanya AKIWA AMESAMEHE. Hakunyamaza. Yeye na wazazi wenzake walipiga kelele dunia nzima, wakaunda chama cha wazazi, mwaka 1998 akapewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Kelele ikawauma waasi mpaka wakamletea ujumbe, tutakupa binti yako, wewe acha kuongea. Akakataa. Akasema warudisheni wote, kwa sababu wote ni watoto wangu. Binti yake alirudi mwaka 2004.

Kwa hiyo mtu akiniambia ukisamehe hudai tena, namuuliza kuhusu huyu mama. Alisamehe na akadai, tena akadai zaidi baada ya kusamehe, kwa sababu alikuwa hadai tena kwa ajili yake.

Mlokole_Mbale

Nimesoma ya ndugu wa Layibi mara mbili. Sina la kupinga juu ya Mama Atyam, Mungu ambariki. Ila nataka tukumbuke pia Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mlokole wa wale wa kwanza kwanza. Alipokimbia nchi mwaka 1977 baada ya Amin kumuua Askofu Mkuu Janani Luwum, alitangaza wazi kwamba anampenda Idi Amin, na akaandika hivyo mpaka kwenye jalada la kitabu. Watu walikasirika sana. Yeye alisema chuki ilikuwa inamla yeye. Hiyo ndo sumu niliyokuwa naisema. Huwezi kuisubiri mahakama ndo uanze kupona. Amin amekufa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimama mahakamani hata siku moja. Wale wangesubiri haki wangekufa nayo rohoni.

Mwalimu_Osukuru

Kweli kabisa ndugu, na hapo nakuunga mkono, moyo hausubiri mahakama. Ila ongeza na hili: Kivengere huyo huyo na Luwum na maaskofu wenzao, Februari 1977, walimwandikia Amin barua. Jeshi lilikuwa limevamia nyumba ya askofu mkuu usiku likitafuta silaha. Wangeweza kusema tumeonewa sisi, tuvumilie. Waliandika juu ya nyumba ile lakini wakaandika na juu ya watu wanaokamatwa na kuuawa ovyo nchi nzima, watu wasio na wa kuwaandikia. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, Luwum akauawa pamoja na mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi, serikali ikasema ni ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, tunakaa nyumbani tunapumzika.

Kivengere alimpenda Amin na aliweka sahihi kwenye barua. Mikono ile ile. Mi naomba mchungaji anayemwambia mjane ampende shemeji naye aweke sahihi yake mahali.

Mama_Watatu_Malaba

Nimefunga duka. Nimewasoma wote tangu mchana wateja wakiingia na kutoka.

Mimi ndo huyo mama mnayemwongelea, sio mmoja mliyemjua nyinyi lakini ndo huyo. Mume wangu ana miaka kadhaa sasa kaburini. Shamba limekatwa upande wa chini kule kwenye maji na ndugu yake, nimebaki na upande wa mawe na nyumba. Niliambiwa yote mliyoandika, mpaka ya begi.

Nataka kumjibu Mlokole kwa heshima, kaka yangu, mi nimesamehe. Sikusamehe kwa sababu niliambiwa, nilisamehe kwa sababu nilikuwa silali na watoto walikuwa wananiogopa. Tunasali kanisa moja na ndugu wa marehemu, namsalimia, watoto wake wanakula kwangu wakitoka shule na sijawahi kuwanyima. Sumu unayosema imetoka. Lakini shamba bado analilima yeye. Kutoka kwa sumu hakujanirudishia mahindi. Watu wanafikiri nikisema nataka upande wangu basi sijasamehe, wananirudisha kwenye maombi kama mgonjwa. Sitaki afungwe. Sitaki aaibike. Nataka mpaka urudi ulipokuwa kwa sababu wavulana wangu wawili wanakua na siku moja watauliza, na wao hawajasamehe chochote, hawajui hata kama kuna cha kusamehe. Nikiwaachia hili deni, wao na watoto wa baba yao mdogo wanaokula sahani moja leo, watakuja kupigana mapanga. Hiyo ndo hofu yangu. Mnasema nimpende shemeji, basi mi nampenda na ndo mana nataka hili liishe tukiwa hai wote wawili.

Na dada wa Arua umesema kweli kuhusu ndama. Pole.

Karani_Soroti

Mama heshima yako. Mi nafanya kazi karibu na mahakama kwa hiyo niongee ya huko, ya rohoni mmemaliza nyinyi.

Sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Kama marehemu hakuacha wosia, sehemu ya mjane katika mali imetoka asilimia 15 imekuwa 20, watoto 75. Nyumba mliyokuwa mnaishi inalindwa kwa ajili yako na watoto, na kumfukuza mjane hapo ni kosa la jinai, asije mtu akakuambia ni mambo ya ukoo. Kama hakuna aliyechukua barua za usimamizi wa mirathi mpaka leo, anza hapo: cheti cha kifo, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), alafu uliza ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayoshughulikia mirathi, kama unahitaji cheti chao cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kwenda mahakamani. Usiruhusu shemeji akatangulia kuziomba peke yake. FIDA, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia wanawake bure, wapo tangu 1974. Na kabla ya kesi wenyewe hujaribu kuwakalisha pande mbili chini, kwa hiyo sio lazima iwe vita.

Mlokole_Mbale

Mama nimekusoma na nimekaa kimya muda. Hiyo ya wavulana sikuifikiria.

Basi nami nilete andiko badala ya kukuombea tu. Mathayo 18 kabla ya ile mithali ya talanta, mstari wa 15 mpaka 17. Ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Asiposikia chukua mmoja au wawili. Asiposikia liambie kanisa. Ni Yesu mwenyewe ameweka ngazi hizo. Umeshapanda ngazi ya ngapi?

Mama_Watatu_Malaba

Ya kwanza mara nyingi. Ya pili nilienda na shangazi wa mume, akasema ataongea naye. Ya tatu ndo hiyo walisema nimwachie Mungu.

Vyeti vyote ninavyo kasoro barua ya LC1, chairman ni binamu yao.

Karani_Soroti

Akikataa andika tarehe uliyoomba na mashahidi walikuwepo, alafu nenda LC wa juu yake. Usitoe pesa.

Mwalimu_Osukuru

Mama, Malaba na Osukuru sio mbali. Ukikubali nitakuja na mmoja wa wazee wa parokia yetu, tuwe mashahidi wako kwa LC, na tukitoka hapo twende kwa paroko wenu tukamwombe kwa adabu arudie ngazi ya tatu, safari hii na shemeji akiwepo chumbani. Nitambebea Mathayo 5:23, ile ya kuacha sadaka mbele ya madhabahu ukienda kupatana na ndugu yako. Pale Yesu anaongea na mtu ambaye ndugu yake ana neno JUU YAKE. Anaongea na shemeji.

Mama_Watatu_Malaba

Jumanne ni siku ya soko siwezi. Jumatano asubuhi njooni, mnipigie mkifika stejini nitume kijana awalete.